Pajetingi ya Mwalimu Bethwel

Jiko langu lilihukumiwa kwa Kiingereza. Lingehukumiwa kwa Kikipsigis ningejibu palepale, maana kwa Kikipsigis mume wangu hajawahi kunishinda. Lakini Bethwel Chepyegon alifundisha Kiingereza miaka thelathini na minne, na tangu astaafu hana wanafunzi wengine ila mimi, ng'ombe watatu na redio. Redio peke yake ndiyo humjibu.

Jumatatu hiyo alisimama mbele ya nyumba yetu ya mawe akatoa chaki mfukoni. Ndiyo, mpaka leo hutembea na chaki. Sijui anamngoja mkaguzi gani. Akaandika ukutani kwa herufi kubwa: PARGETING.

"Mama Chepchirchir, soma hapo."

Mimi nilikuwa na mzigo wa nepia, majani ya ng'ombe, kichwani. Nikamwambia asome mwenyewe, kwani si ndiye aliyeandika?

"Pajetingi," akasema, akaivuta ile sauti ya mwisho kama kengele ya kwenda nyumbani. "Ndiyo tunaweka kwa hii nyumba. Huko Uingereza, nyumba za mabwana ziko nayo miaka mia tatu, mia nne. Maua kwa ukuta, ndege kwa ukuta, zabibu. Si plasta tu ya kila mtu."

"Na jiko langu?" Niliuliza kwa sababu macho yake yalikuwa yameshazunguka nyumba yakaenda nyuma.

"Jiko inatoka Alhamisi. Kipngeno atakuja na mtaimbo. Huwezi weka pajetingi huku mbele halafu huko nyuma uko na nyumba ya mavi ya ng'ombe. Wageni watasema nini?"

Wageni walikuwa wakwe. Chepchirchir, kitinda mimba wetu, anafanya kazi ofisini mjini Kericho, na huko alikuwa amempata Eugene. Eugene ni kijana wa adabu, mjukuu wa Wakikuyu waliotoka Nyeri zamani wakaja kutafuta maisha Kericho, na Kikipsigis anakisema vizuri kuliko wapwa zangu wa Nairobi. Jumamosi wazee wa kwao wangekuja kwetu, huku karibu na Kaplong, kwa ajili ya koito, yaani kukaa na wazee wetu na kuzungumza habari ya mahari. Yote hayo yalikuwa sawa. Shida ilikuwa baba yake Eugene, Johnson Muchiri. Johnson ana duka la simiti na rangi Kericho mjini, na Bethwel alikuwa ameshajiaminisha kwamba mtu anayeuza simiti huingia kwenye boma la mtu akiangalia kuta kabla ya kuangalia watu.

Sasa niwaeleze jiko lenyewe, msije mkadhani ni banda la kuku. Ni nyumba ndogo ya fito na udongo, bati juu, karibu na zizi. Aliyeisimamisha ni mama mkwe wangu, Taprandich. Wanaume walikata fito wakaezeka, wakaenda zao, kwa sababu kwetu udongo wa nyumba ni kazi ya wanawake. Mwanamume akiugusa ataimbwa mpaka siku ya mazishi yake. Udongo mwekundu unakandwa na maji, unarushwa kwenye fito tonge kwa tonge mpaka matundu yote yazibe. Ukikauka, ndipo unasiliba juu kwa mavi mabichi ya ng'ombe na majivu, kwa kiganja, ukizungusha mkono. Ukifanya vizuri hakunuki. Kunanukia, hasa moto ukiwashwa.

Niliolewa hapa nikiwa na miaka kumi na tisa. Mama mkwe hakuwa mtu wa maneno. Mezani alinyamaza, shambani alinyamaza, kanisani aliimba kwa midomo tu. Lakini kila Desemba, kabla ya Krismasi, tulisiliba jiko pamoja, na mikono yake ikishaingia kwenye udongo mdomo nao ulifunguka. Yote ninayojua kuhusu maisha yake niliyasikia hapo, sote wawili tumeangalia ukuta. Sasa ni miaka saba tangu afariki, na nasiliba peke yangu. Nyumba ya mawe ni ya Bethwel. Mimi hulala humo tu. Jiko ni langu. Nilipoambiwa linabomolewa niliumia kama mtu aliyeambiwa mama mkwe atazikwa mara ya pili, na sioni aibu kulisema.

"Na mursik ya wageni itatoka wapi?" nikamuuliza. "Maziwa kwa kibuyu yanataka moshi."

"Tutanunua soda."

Koito kwa soda! Hapo nikajua mtu huyu amepotea, na si kupotea kwa karibu.

Fundi alikuwa Okemwa, Mkisii wa upande wa Keroka. Ni mtu mwema, ana mkono mzuri wa plasta, na ana ugonjwa mmoja tu: hajui kusema sijui. Alifika Jumanne asubuhi na baiskeli yake na mwiko, Bethwel akampokea na lile neno kabla hata ya chai.

"Okemwa, unajua pajetingi?"

"Pajetingi?" Okemwa akacheka kama mtu aliyeulizwa kama anamjua shemeji yake. "Mwalimu, hiyo nimepiga mpaka nimechoka. Unataka ile ya Keroka ama ile ya Nairobi?"

Bethwel hakutarajia kwamba ziko mbili. Akajikuna kidevu. Yeye naye ule ugonjwa anao, tena aliupata zamani kuliko Okemwa.

"Ile ya Nairobi," akasema.

"Sawa. Hiyo inataka maji kidogo."

Wakaelewana hivyo, wanaume wawili wazima, juu ya kitu ambacho hakuna hata mmoja aliyekijua. Bethwel akamwonyesha picha kwenye simu, ukuta wa jumba fulani la Uingereza wenye maua yaliyotokeza, na Okemwa akaitazama kwa heshima, akaigeuza simu juu chini, akaomba kijiko na mfuniko wa sufuria. Kufikia jioni palikuwa na maua manne ya simiti juu ya mlango. Niliyasifu. Nikasema sijawahi kuona kabichi zilizokomaa namna ile wakati wa mvua.

"Ni waridi," Bethwel akasema.

"Pole, Mwalimu. Nilikuwa nimesimama mbali."

Jioni hiyo, kwenye kituo cha kununua majani chai, aliwahubiria wakulima habari za pajetingi mpaka lori likafika. Mzee mmoja alidhani ni bajeti ya serikali akaanza kulalamikia bei ya mbolea. Wengine waliniuliza mimi ni kitu gani hicho. Nikawaambia ni kitu cha kufukuza jiko la mtu.

Lakini usiku ule nilikosa usingizi. Nilikuwa nimetania siku mbili na utani haukuzuia kitu. Alhamisi ilikuwa inakuja vilevile. Kwa hivyo Jumatano, Bethwel alipoenda Sotik kutafuta viti vya kukodi, niliingia sebuleni nikateremsha kamusi yake kubwa, ile aliyozawadiwa na shule siku ya kustaafu, ambayo hufungua kwa mikono miwili kama Biblia ya mimbarini. Mimi niliishia kidato cha pili. Karo iliisha kabla ya akili. Lakini kusoma nasoma, polepole, kidole kikitangulia. Sikuwa natafuta ushindi wowote. Nilitaka tu kumjua adui yangu kwa jina.

Nilimpata. Nikasoma, nikavua miwani, nikaipangusa kwa leso, nikasoma tena.

Kamusi ilisema neno hilo ni la zamani sana, na kwamba Waingereza hawakulizaa wao. Walilichukua kwa Wafaransa wa kale. Maana yake ya kwanza, ikasema, ilikuwa kurusha, kutupia kitu pande zote, jinsi mtu anavyorushia ukuta udongo. Maua na ndege walikuja nyuma sana, watu walipopata pesa na nafasi. Na chini kabisa, kwa herufi ndogo kama chawa, iliandikwa kilichokuwa kinapakwa: chokaa, mchanga, nywele za wanyama, na mavi ya ng'ombe. Tena mahali pakuu pa kuupaka mchanganyiko huo, ikasema kamusi, palikuwa ndani ya mabomba ya kupitishia moshi wa moto wa nyumbani.

Nilicheka peke yangu mpaka kuku waliokuwa mlangoni wakaondoka. Mabwana wa Uingereza! Na majumba yao! Kumbe wakati mama mkwe wangu anakanda udongo wake hapa, mabibi wa huko nao walikuwa wamekunja mikono ya magauni wanangoja ng'ombe anye.

Ningeweza kumwambia Bethwel mara tu aliporudi. Lakini mwanamume ukimwonyesha kosa lake peke yake chumbani, atalizunguka. Nimeishi naye miaka arobaini na miwili, namjua. Nikairudisha kamusi mahali pake, nikachinja jogoo, nikamwalika kaka yake, Kipngeno, ambaye ndiye angekuja kubomoa kesho yake. Okemwa naye nikamwambia asiende kabla ya kula. Nilipoona wote watatu wameshashika matonge, nikauliza kwa sauti ya mtu asiyejua kitu.

"Mwalimu, hii pajetingi yenu. Mtu akija siku moja, anaweza bomoa tu hivi?"

"Pajetingi?" Bethwel akaweka tonge chini. Hakuna kitu apendacho kama swali. "Haiwezekani. Hiyo ni urithi. Mtu wa kubomoa pajetingi ya kweli ni mshenzi. Kule kwao atapelekwa kotini."

"Hata ikiwa imezeeka?"

"Hasa ikiwa imezeeka! Hiyo mzee ndiyo ya maana kabisa."

"Sawa," nikasema. "Kipngeno, umesikia ndugu yako?"

"Nimesikia," akasema Kipngeno, mdomo umejaa jogoo.

"Okemwa?"

"Mimi hiyo najua zamani, mama."

Mdomo uliponza kichwa. Nikamwongezea mume wangu paja.

Alhamisi asubuhi Kipngeno alikuja na mtaimbo begani. Alinikuta nimekaa kwenye kizingiti cha jiko, kamusi mapajani, miwani machoni. Bethwel akaja kutoka mbele kuona kwa nini hasikii kishindo. Okemwa akachungulia kutoka juu ya ngazi yake, pembeni mwa nyumba. Nikawaomba dakika tano. Nikasoma kwa Kiingereza kwanza, kwa P zangu na B zangu zilizochanganyika jinsi Mungu alivyonipa, neno kwa neno. Halafu nikamfasiria Kipngeno kwa Kikipsigis, asije akapunjwa. Halafu nikasema kwa Kiswahili, kwa ajili ya Okemwa: kurusha, mavi ya ng'ombe, moshi.

Kipngeno alianza kucheka kabla sijamaliza. Akaweka mtaimbo chini. Akaketi juu ya jiwe, akashika mbavu. "Bethwel," akasema, machozi yanamtoka, "si ulisema ni mshenzi? Si jana ulisema? Unataka mimi niende kotini Uingereza?"

Na Okemwa, kule juu ya ngazi, akaitikia kwa utulivu mkubwa, "Sasa hiyo ndiyo ile ya Keroka."

Mimi nilikuwa tayari. Nilikuwa nimeandaa majibu matatu: moja akisema kamusi ni ya zamani, moja akisema sikusoma vizuri, na moja la akiba. Bethwel alikuja akaichukua kamusi kutoka mapajani mwangu. Akasoma pale pale, kidole kikitangulia kama changu. Akaifunga. Akautazama ukuta wa jiko, si kwa hasira, akautazama kama mtu aliyeitwa jina lake kutoka nyuma.

"Acheni jiko," akasema. Akaondoka, akaingia kwenye michai, akaendelea kutembea mpaka nikaona kofia tu.

Nilikuwa nimeshinda, na ushindi wenyewe ulikuwa kama mboga isiyotiwa chumvi. Alasiri ile ikanyesha mvua ya mawe, ile yetu inayokuja bila hodi na kuchana majani ya chai yote. Ilichuna simiti mbichi, ikayang'oa maua ya Okemwa nusu nusu, moja likabaki shina tu. Siku nyingine Bethwel angekuwa na hotuba. Alitoka, akaangalia, akasema, "Mvua," akaingia ndani. Siku nzima ya Ijumaa hakusema neno hata moja la Kiingereza. Redio ilisema yenyewe na hakuna aliyeisahihisha. Nilisiliba jiko upya kwa ajili ya wageni, na mara mbili nilimwona amesimama karibu na zizi akiangalia mikono yangu. Nilipogeuka alijifanya anahesabu ng'ombe. Ng'ombe ni watatu.

Nikaanza kuogopa. Kumtania mume ni kazi yangu, na naifanya vizuri, lakini sikuwa nimekusudia kumvunja kitu ndani. Nikamuuliza usiku, nikamwambia, "Mwalimu, ni utani tu." Akasema, "Najua." Akanigeuzia mgongo.

Jumamosi wakafika kwa magari mawili. Johnson Muchiri kumbe alikuwa mtu mpole, mfupi, mwenye viatu vilivyong'arishwa vizuri, na kama aliangalia kuta sikumwona. Aliyeziangalia ni mama yake. Shosho Wamuyu ana miaka themanini na kitu, anatembea na fimbo, na haogopi mtu. Alisimama chini ya mlango wetu akainua fimbo juu.

"Hizi ni kabichi ama ni nini?"

"Ni waridi, Shosho," Chepchirchir akamjibu, bila kunitazama mimi.

"Haya." Akashusha fimbo. "Mimi sikai na wanaume wakibishana mambo ya ng'ombe. Jikoni ni wapi?"

Nikampeleka. Aliinama kupita mlangoni, akasimama katikati mpaka macho yake yakazoea giza, akavuta pumzi ndefu kwa pua. Halafu akaweka kiganja ukutani, akakisogeza polepole, kama mtu anayempapasa ng'ombe ajue kama ana mimba.

"Hii ni ya jana."

"Ni ya jana, Shosho. Ni mimi."

Akazunguka na kiganja chake mpaka nyuma ya kichanja cha vibuyu. Hapo huwa sipasilibi. Napaacha makusudi tangu mama mkwe alipofariki, na sijawahi kumwambia mtu kwa nini.

"Hapa si wewe. Wewe mkono yako inaenda hivi. Huyu alikuwa anaenda hivi." Akachora hewani, kushoto. "Alikuwa wa mkono wa kushoto. Ni nani?"

Wakati huohuo mlango ukaingia giza. Ni Bethwel, ametumwa na wazee aje kuulizia mursik, na nyuma yake Johnson, aliyekuja kuona mama yake hajaanguka. Shosho hakujali ni nani ameingia. Akauliza tena, ni nani huyu? Nikafungua mdomo kumjibu.

"Ni mama yangu," Bethwel akasema.

Alisema kwa Kiswahili, kwa sauti ya chini, na hakuingia ndani zaidi. Alibaki pale pale mlangoni, mkono kwenye fito.

"Alikuwa anajua kazi," akasema Shosho.

"Alijua. Alikuwa anasiliba nyumba za walimu, kule shule nilikuwa nasoma. Karo yangu ilikuwa inatoka hapo." Nilidhani amemaliza. "Siku moja niko darasa la tano. Akapita kwa dirisha ya darasa, mikono yake iko na mavi mpaka hapa kwa kiwiko. Akaniita. Akaniita ile jina ya nyumbani. Watoto wakacheka sana. Wakaniuliza, huyo ni mama yako? Nikasema hapana. Nikasema ni mama ya mtu mwingine."

Maziwa kwenye kibuyu nilichokuwa nimeshika yalikuwa mazito, na nilikuwa nimesahau kukiweka chini. Miaka arobaini na miwili, na habari hiyo sikuwahi kuisikia kwake. Wala kwa mama yake, ambaye aliniambia kila kitu ukutani hapa. Hilo moja alikufa nalo.

"Alikuwa bado amesimama kwa dirisha," Bethwel akasema. "Sijui kama alisikia."

Nilitaka kumwambia hakusikia. Ndilo jambo ambalo mke husema. Lakini Shosho Wamuyu alitangulia. Alikuwa ameshavuta kigoda, akakaa, fimbo katikati ya magoti.

"Alisikia," akasema.

Bethwel akainamisha kichwa.

"Mimi pia nilisiliba, baba. Nilisiliba shule, nilisiliba nyumba za watu, hapo Kericho, kabla mtu yeyote kwetu hajashika mfuko wa simiti. Mtoto akisema hivyo mama anasikia. Hata akisema pole pole. Sisi wote tulisikia."

"Na akafanya nini?" Sauti ya Bethwel haikuwa ya mwalimu. "Mtu akisikia hivyo kwa mtoto wake, anafanya nini?"

"Anafanya nini?" Shosho alimtazama kwa mshangao, kama mtu aliyeulizwa swali la darasa la kwanza. "Kesho yake anarudi, anasiliba. Si karo ilikuwa haijaisha?"

Bethwel akaingia ndani. Alipita karibu yangu, akaenda mpaka nyuma ya kichanja, akaweka kiganja pale ambapo Shosho alikuwa ameweka chake, na akakiacha hapo. Sikumtania. Nilimimina mursik, nikampa Shosho kwanza, nikageuka kumpa mkwe.

Johnson Muchiri alikuwa bado mlangoni. Alikuwa anatazama viatu vyake. Hakuna mtu aliyekuwa amemuuliza chochote, na nilipomnyooshea kikombe hakukiona.

"Maitu," akasema. Ndivyo Wakikuyu wanavyomwita mama. Alisema hilo tu, halafu akalirudia. "Maitu."

Shosho Wamuyu hakugeuka.

"Kunywa maziwa, Johnson," akasema.